Udongo Wangu Ukutani

Jumatatu, 6 Julai 1998

Nimehamia Garsen tena. Nyumba ya tano tangu nianze hii riwaya! Ya Idsowe ilichukuliwa na mafuriko — hapo simlaumu mtu. Nyingine zote zilichukuliwa na wenyewe, mara tu nilipozitengeneza zikafanana na nyumba. Hii ni ya Mzee Philemon, mtu wa Golbanti. Kuta ni fito tupu, maji yalikula udongo wote. Ndani walikuwa wanalala mbuzi. Lakini ina dirisha la mashariki, na meza ya taipu inaenea chini yake. Imebaki sura moja tu. Naomba utulivu, siombi kasri.

Jumamosi, 11 Julai

Mikono inaniuma! Nimechota udongo mtoni, nimeukanyaga kwa miguu, nimekandika ukuta wa mbele na wa dirishani. Mzee Philemon alipita na baiskeli, akasifu sana, eti mwanamke hodari. Akauliza kama nitamalizia na kuta nyingine. Nikasema ndiyo. Jinga mimi.

Jumanne, 21 Julai

Udongo umekauka, kuta zote nne. Nimeandika mchana kutwa. Mwanamke wa riwayani hatimaye amemjibu mumewe. Maskini, kila akitaka kufungua mdomo, mimi nafunga mizigo.

Jumatano, 29 Julai

Nilijua! Nilijua tangu alipoanza kuulizia afya yangu. Mzee Philemon kaja, kofia mkononi. Eti mwanawe Gershom anaoa wiki hii. Eti maharusi watakaa wapi? Eti nyumba sasa imekuwa ya kukaa watu. Na mimi ni nini — mbuzi? Nikamuuliza mbona hakusema nilipokuwa nakanyaga udongo. Akasema wakati ule mambo ya harusi yalikuwa hayajaiva. Mwongo! Mtu mzima na mvi zake! Nimpishe Jumamosi, na Mungu atanibariki.

Sijaandika hata neno. Nina hasira!

Ijumaa, 31 Julai

Mumina anayeniuzia maziwa amenikuta natia vitabu kwenye gunia. Muorma huyu, mumewe Dukicha ana ng'ombe. Wanahama kila kiangazi na sijamwona akinuna. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

“Wewe nahama, nyumba nabaki,” akasema. “Kwetu nyumba ya mwanamke. Mimi nahama, nafungua, naweka juu ya punda, nakwenda nayo.”

Nikamwambia ukuta wa udongo haupandi punda.

“Udongo nani naleta? Si wewe? Basi toa.”

Akanimiminia maziwa, akaenda zake. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba sikuwaza hilo mwenyewe.

Jumamosi, 1 Agosti

Nimetoa! Nimeazima jembe kwa jirani, nikaanza na ukuta wa dirishani. Unabanduka mabamba mabamba — raha yake! Watu wamejaa. Mmoja anasema nimerukwa na akili, mwingine ananikumbusha nisisahau pale juu. Ukuta wa mbele nao umekwisha, na zile mbili nyingine.

Mzee Philemon kaja mbio, anapiga kelele kwamba naharibu nyumba. Nikamwambia nyumba yake ni hizo fito, sijagusa hata moja. Akasema ataita polisi. Aite!

Kumbe hayuko peke yake. Nyuma yake yuko Christine, mke wa Gershom, msichana mdogo tu, begi kichwani. Gershom amefuata kitanda, yeye kaletwa aone atakapokaa. Akatazama fito. Akatazama mikono yangu. Akamuuliza mkwewe, kwa adabu, udongo ulikuwa wa nani.

Mzee akamwambia hayo hayamhusu, aweke begi ndani. Kesho atakandika upya yeye mwenyewe, ana nguvu.

“Sawa, baba,” akasema. “Na nikishamaliza kukandika?”

Mzee akatangulia ndani.

Naandika hapa mlangoni, juu ya gunia la vitabu, maana nikinyamaza nitamrushia mzee jembe. Anamwita aingie. Anamwita tena, sasa kwa ukali. Christine amesimama palepale, begi hajalishusha. Hamtazami mkwewe. Ananitazama mimi. Ameniuliza ninahamia wapi.