Ukungu wa Kuzima Moto Angani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta hapo Kilema ukiwa na nguvu zako, na goti limeacha kukusumbua. Mimi mzima, ingawa theluji ya huku Ulaya haikai mlimani kama ya Kilimanjaro; inakufuata hadi mlangoni.

Baba Mkubwa ameniandikia kwamba ukoo unaona aibu: binti kasomea uhandisi, kumbe kazi yake kuchezea moto. Msomee haya, Mama, tena kwa sauti.

Tunatafuta namna ya kuzima moto ndani ya vyombo vinavyokwenda anga za juu. Huko vitu havina uzito. Moto haupandi juu kama wa jikoni kwako. Unajikunja kama mpira wa buluu. Ukiurushia maji, yanatawanyika mabonge mabonge. Mimi nikasema tunyunyize maji laini, kama ukungu unaoshuka kwenye migomba mwezi wa saba.

Tunawasha moto ndani ya kasha la kioo na kuujaribia ndani ya ndege inayopanda sana, kisha inaachwa iporomoke, nasi tunaelea kwa muda mfupi. Mara ya kwanza nilitapika hadi nyongo, na moto haukuzimika. Tuliposhuka mkuu wetu akasema, "Wewe baki chini. Mwenzako ataruka."

"Hata yeye ametapika," nikamjibu. "Au matapishi yangu ndiyo mabaya?"

"Ukungu wako umeshindwa."

"Matone yalikuwa makubwa. Nimeweka bomba lenye matundu madogo zaidi. Nikishindwa tena nitajiondoa mwenyewe."

Akaniruhusu. Niliogopa, Mama, sikufichi. Ndege ilipoanza kuporomoka nilishika chuma kwa mkono mmoja, nikafungulia ukungu kwa mwingine. Ndani ya kasha ule mpira wa moto ukanywea, ukatetemeka, ukatoweka. Tukarudia, ukatoweka tena. Katika jaribio lililofuata ukagoma kuzimika, na sijui kwa nini. Ndiyo maana siachi.

Baba Mkubwa anasema nirudi, kuna mchumba huko Masama. Mwambie nitakuja Krismasi kama kila mtoto wa Kilema, nile mtori wako wa ndizi nishibe, halafu nitaondoka. Mchumba atafute anayemtafuta.

Nisalimie shangazi wa kwaya, na kaka anayeuza viatu huko Pasua. Baba Mkubwa naye mpe shikamoo yangu kwa heshima zote. Heshima anayo, ruhusa sikumwomba.

Ni mimi binti yako, ambaye wiki hii anaruka tena,

Restituta