Mkia wa Ng'ombe Mlimani Matheran

Matheran, Bara Hindi

Kwa baba yangu mpenzi, Mzee Masanja, Tinde.

Shikamoo baba, na shikamoo tena, maana ile ya kwanza huenda imechoka njiani. Nawe mwalimu unayemsomea, soma polepole, na akiguna usiruke kitu. Mimi ni mzima. Mguu wako umepona? Mvua imefika? Ng'ombe wanakunywa wapi sasa?

Baba, najua bado una hasira. Siku niliyoondoka kumfuata tajiri wangu Mhindi nilipiga magoti mlangoni unitemee mate ya baraka kama ulivyowatemea kaka zangu, ukanipa mgongo. Ulisema mchungaji anayeacha ng'ombe akapike chapati atapotea hata mchana. Neno hilo nililala nalo melini, nikapanda nalo hata mlima huu.

Tumekuja huku kwa ajili ya Bibi, mama yake tajiri, yule aliyekuwa akikupimia chumvi dukani. Kifua kinambana, na daktari aliagiza apelekwe kwenye hewa ya juu. Gari moshi la huku ni dogo, linazunguka na kuzunguka, mpaka nikaiona reli tuliyopita iko chini ya miguu yangu. Kwetu kilima ni mawe ambayo mtoto hupanda akitafuta mbuzi. Huku nilisimama ukingoni nikawaona mwewe wakiruka chini yangu. Nani kwetu amewahi kuuona mgongo wa mwewe akiwa angani? Nilivua kofia, wala sikujua namvulia nani.

Siku ya pili nilimkuta ng'ombe mwekundu njiani, ana kengele shingoni, hana mchungaji. Nilimhurumia mwenye ng'ombe. Nikapiga mluzi wetu, nikamswaga mpaka uani kwetu, nikaziba lango kwa miiba, nikaenda kuuliza nani amepotelewa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kumbe ni wa muuza maziwa, jirani yetu. Hutembea apendako, na kabla ya adhuhuri hurudi mwenyewe kukamuliwa. Mwenye mali alinijia amenuna, maziwa yamechelewa. Mshamba ni mshamba hata akivuka bahari.

Leo asubuhi nilimpeleka Bibi ukingoni. Bonde lote lilikuwa jeupe kwa mawingu, nasi tuko juu yake, tunaota jua. Bibi alinishika mkono. Niliogopa, baba, na nilifurahi, na sijui kipi kilitangulia. Mara mawingu yakaanza kupanda. Yalitufunika hata nisiuone mkono wangu. Njia ya kurudi ni nyembamba, na kando yake ni korongo ambalo jiwe likianguka husikii likifika. Bibi akaanza kukohoa, pumzi ikawa inamwishia, na kungoja hakukuwezekana. Nikalikumbuka neno lako. Nikajua leo ndiyo leo.

Ndipo nikasikia kengele. Nikapiga mluzi ule ule, na yule ng'ombe mwekundu akaja akaninusa. Wewe ulitufundisha kwamba vumbi likiziba mbuga tusitafute njia, tushike mkia wa ng'ombe anayekwenda kukamuliwa. Nikambeba Bibi mgongoni, nikashika mkia kwa mkono mmoja. Ng'ombe hakuyumba hata hatua moja. Tulipofika langoni kwa muuza maziwa nilimshusha Bibi, nikakaa chini nikalia.

Alipopata pumzi aliniuliza, "Nani alikufundisha hayo?"

Nikamwambia ni baba yangu.

"Basi mwandikie leo," akasema. "Usingoje kesho."

Mvua za huku zikiisha tajiri anarudi Tinde, nami narudi naye. Nisalimie mama. Nisalimie shangazi anayenilelea mtoto, na kaka mkubwa aliyepokea fimbo yangu ya kuchungia. Mwambie ndama hawapigwi.

Baba, sitaki kuivuka bahari mara ya pili kama nilivyoivuka mara ya kwanza. Chini ya jina langu nimeacha mahali patupu. Ukiwa radhi nami, patemee mate, uache pakauke, kisha mwalimu aitie posta karatasi hii hii inirudie. Usiandike kitu. Nikiikuta imekunjamana hapo, nitajua.

Ni mimi mwanao wa mwisho, mshika mkia,

Shija