Nozeli Nne na Oili Niliyoisahau

Jumatano, Jinja. Mvua imenyesha tangu asubuhi na maji yamefika mlangoni mwa gereji. Wateja wawili wamekuja, wote nimewaambia warudi kesho. Vifaa ninavyo, moyo wa kazi ndio sina.

Shajara yangu, leo naandika jambo nililolikwepa kwa wiki tatu.

Kuna afande mstaafu anayekaa Nkoma, kule Mbale, anajenga ndege. Ndege kweli, ya kukaa mtu mmoja, ndani ya banda nyuma ya nyumba yake. Mwaka wa tisa sasa. Miaka yote hiyo amesaidiwa na shemeji yake Yusufu, ndugu wa marehemu mkewe, anayeuza misumari na rangi mtaa wa Namakwekwe, huko huko Mbale. Walikuwa wakibishana kutwa nzima juu ya skrubu moja, halafu jioni wanakula sahani moja.

Mimi waliniita kwa ajili ya injini. Ni ya rotari, ilitolewa kwenye gari kuukuu la Kijapani. Haina pistoni. Ndani yake huzunguka chuma chenye pembe tatu, na kwenye kila pembe kuna sili, kipande chembamba cha kuziba upenyo, inayosugua ukuta. Kabureta yake, inayochanganya petroli na hewa, ilikuwa ikisitasita, na afande hakutaka injini ya kusitasita angani. Badala yake akataka nozeli za kupuliza petroli ndani ya injini.

Na nozeli ndilo jina langu mjini. Watu huleta magari kutoka Iganga kwa sababu ya nozeli zangu. Kwa hiyo afande aliponipa daftari alimoandika kila alichosoma kuhusu injini ile, nilishukuru, nikalibeba, nikaliweka juu ya friji. Sikulifungua hata ukurasa mmoja. Miaka ishirini mwanamke nashika spana, nisomeshwe na daftari?

Kazi yenyewe niliifanya vizuri, hilo nalisema bila aibu. Nilizisafisha nozeli zote nne, nikazijaribu kwenye chupa nne mpaka zikajaza sawasawa. Raba zake mpya nilizipaka oili kwa kidole ili zisichanike. Nikatoa kabureta, nikafunga nozeli. Palibaki mipira miwili myembamba ya kupitishia oili, iliyokuwa ikiingia kwenye kabureta. Sasa haikuwa na pa kuingia. Nikaiziba.

Hapo ndipo nilipoiua injini.

Oili ile ilikuwa ya zile sili. Rotari lazima ichome oili kidogo pamoja na petroli, na usipoipitisha kwenye mipira, unaichanganya kwenye tangi, kama watu wanavyofanya kwa msumeno wa kukatia miti. Mimi fundi wa magari nimezoea kwamba moshi wa oili ni ugonjwa. Tulipowasha, ule moshi iliokuwa ikitoa zamani haukutoka, nami nikajisifu mbele yao wote wawili kwamba nimeutibu.

Ilinguruma vizuri ajabu. Yusufu alipiga makofi. Baada ya nusu saa ikaanza kuchoka, ikazima, na haikuwaka tena.

Ilipopoa nikafungua plagi, nikaingiza ncha ya kidole. Kilitoka kikavu kabisa. Nilijua papo hapo: sili zimesugua kavu bila oili mpaka zikalika.

Afande alikuwa amekwisha kumwaga petroli kwenye beseni, akaona matone ya maji chini. Petroli ile aliileta Yusufu kwa boda boda, kwenye jerikeni. Akaniuliza, "Fundi, petroli mbaya inaweza kufanya hivi?"

Nikasema, "Inaweza, afande."

Si uongo, petroli mbaya inaweza. Lakini haikuwa petroli, na nilinyamaza nikifuta spana zangu wakati afande akimwita shemeji yake mwizi, kwamba amenunua petroli iliyochanganywa na maji akatia chenji mfukoni. Watoto wa Yusufu walikuwa wamekuja kuona ndege ikiwashwa. Walikuwa wamesimama pale pale.

Wiki tatu sijalala vizuri. Jana nikafunga gereji, nikaenda Mbale.

Afande nilimkuta bandani peke yake. Mimi Mnubi wa hapa Jinja sijui Kigisu, yeye Kiswahili alikipata jeshini, ndicho tunachoelewana nacho, na jana kila neno lilikuwa zito mdomoni. Nilimweleza yote, mpaka daftari juu ya friji. Hakunifokea. Alikaa juu ya ndoo, akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia niliogopa kupoteza jina. 

"Enda kwa Yusufu," akasema. "Mimi sina uso wa kumwangalia."

Nikaenda Namakwekwe. Yusufu alinipa kigoda, akaagiza chai, akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nikamwambia sili mpya nitazitafuta mwenyewe, injini nitaifungua na kuifunga upya, na afande anajuta. Alikuwa akipanga misumari kwenye makopo, ya inchi mbili huku, ya inchi tatu kule.

"Dada, hiyo engine mtatengeneza," akasema. "Lakini watoto yangu walisikia."

Akaniambia ninywe chai, isipoe.

Ningesema siku ile ile, lingekuwa kosa la fundi tu. Wangenicheka, wangebishana, tungefungua injini jioni hiyo hiyo. Nilikuwa na sentensi moja ya kusema na nilikuwa na pumzi ya kuisema.

Ijumaa baada ya swala nitarudi Namakwekwe. Safari hii siendi kwa ajili ya kuongea na Yusufu. Nitamwomba aniitie watoto, niwaambie mimi mwenyewe kwamba baba yao hakuiba kitu, na kwamba aliyenyamaza ni mimi. Sijui kama atakubali. Sijui pia mtoto aliyesikia vile anaanzaje kuacha kusikia.