Utepe kwenye Mti Wako

Papa,

Tangu tukuzike, Mama amerudi kwao Kibabi. Analima maharagwe kilimani, na bado anaweka sahani yako mezani, kisha anaiondoa. Kaka Bahati amebaki Walikale karibu na kaburi lako, pale chini ya parasolie, mti wako wenye majani kama mwavuli. Mimi niko labo, maabara ya mbao, Goma. Napima nyuzi za mbao.

Ungecheka. "Mutoto yangu, muti inapimwa na kioo?" Ndiyo, Papa. Nachemsha vibanzi kwenye asidi hadi vilegee, natikisa chupa, na mti unaachana kama nywele ndani ya maji. Chini ya mikroskopu kila uzi ni mrija. Napima urefu, unene wa ukuta, upana wa tundu.

Kwenu mti ulizungushiwa kamba siku ya kuukata tu. Nilipokuwa mdogo nilizungusha kamba ya msituni kwenye shina nyuma ya jiko, mchezo tu. Ulinitazama, ukachukua shoka. "Umeisha kuipima, Furaha. Sasa iko ya kukata." Nililia. Nawe ulikata umeuma midomo.

Juzi mkuu wa labo alinipa vibanzi kutoka Walikale. Kuna kampuni inatafuta mti wa karatasi. Nyuzi zile, Papa... ukuta mwembamba, tundu pana. Ukizigandamiza zinalala bapa na kushikana. Sijaona nzuri kama hizo. Mkuu alichungulia, akanipiga begani. "Bravo, dada! Hii njo tulikuwa tunatafuta. Kesho unipe vipimo."

Jioni Bahati akapiga simu. Watu walichonga kipande kwenye mti wako, wakaenda. Sasa wamerudi na kuuzungushia utepe mwekundu. Aliwauliza wanataka nini.

"Tunapima tu, kaka."

Anasema tangu hapo ndege hawatui pale.

Sikumpa mkuu vipimo vya mti wako. Lakini vibanzi vimebaki vikilowa mezani, na mwenzangu anajua kupima kama mimi.

Nakuja, Papa. Wanasema njia ya Masisi ya kuja huko imefungwa tena. Nitapita penye kupitika. Nitaufungua ule utepe kwa mikono yangu, kisha nitakaa nikiegemea shina. Wakitaka kupima, watanizungushia na mimi.

Lala. Nitafika bila viatu, unavyonijua. Ukisikia viatu juu yako, si mimi.

Furaha wako