Zungusha Kamera Tuone Chumba

Dada yangu Marlys,

Natumaini goti limepoa. Huku Ohio theluji inayeyuka, na ule mpungate wenye miiba wa mama, ambao ulisema nitauua, umetoa ua jekundu.

Jana nilihojiwa kwa video. Kampuni ya bima inatafuta mtu wa kompyuta wa kuhamisha data zake, mkataba wa miezi mitatu. Aliyenihoji anaitwa Brielle, ana sauti ya kubembeleza kama nesi. Nilikuwa najibu vizuri tu, mara akasema, "Wendell, hebu zungusha kamera tuone chumba kizima. Siku hizi watu wananong'onezewa majibu."

"Niko peke yangu, mama. Niamini."

"Wote husema hivyo! Zungusha tu."

Dada, usitume tena kitu kwenye ile anwani ya Dayton. Benki iliichukua nyumba tangu vuli, na kila nilipokupigia simu nilishindwa kusema.

Basi nikazungusha. Akaona usukani. Akaona blanketi kwenye kiti cha nyuma, mashati yanayoning'inia dirishani, na mpungate wa mama juu ya dashibodi. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto, nikingoja aseme neno lolote la kibinadamu.

Akakohoa.

"Haya, kweli uko peke yako. Sasa niambie, miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

Kazi yenyewe ya miezi mitatu, dada!

Nikatazama nje kupitia kioo cha gari. Kisha nikazima kamera.

Mdogo wako,
Wendell