Karatasi ya Mistari Mitano

Jumatatu, 7 Oktoba 1974

Ndugu Silasi, mkuu wetu wa ofisi, kanipa kazi. Kila kundi la mgambo linalokwenda kuhamishia watu vijiji vipya liwe na maagizo ya maandishi, ya namna moja. Mpaka sasa kila kundi linafanya lijualo. Niamue mimi yaandikweje. Mimi! Miaka sita napiga taipu barua za wengine, leo ndiyo kwanza naulizwa nionavyo.

Njia ni mbili. Karatasi moja fupi, kila mstari kazi moja, unashuka nayo mpaka chini. Au kijitabu kamili, chenye "ikiwa hivi, fanya hivi, la sivyo, simama." Mzee Soud, ninayekaa naye meza moja, anataka kijitabu. Anasema babu yake alipotuma misafara kutoka hapa Tabora kwenda Ujiji hakumpa kiongozi amri tupu. Alimpa na shaka zake: kisima kikikauka, rudini kituo cha nyuma; mto ukijaa, ngojeni. Nikamwambia, Mzee, hawa wanakwenda maili ishirini kwa lori, si Ujiji kwa miguu. Akacheka kidogo, akarudi kwenye faili lake.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeandika. Nusu saa tu!

1. Hesabu kaya.
2. Pakia watu na mizigo kwenye lori.
3. Ezua mapaa.
4. Fikisha watu kijiji kipya.
5. Wagawie viwanja.

Mstari wa tatu ni ili wasirudi. Sikuubuni mimi. Niliuandika tu.

Nimewasomea viongozi wa mgambo uani. Masolwa wa Goweko akauliza, na jambo likikwama? Nikamjibu, usiulize, fuata mstari. Wakacheka, nikacheka nao. Ndugu Silasi kasifu sana – hata asiyejua kusoma vizuri ataikariri, kasema. Nimerudufu nakala mia mbili. Mikono yote wino.

Jumamosi, 19 Oktoba

Habari mbaya kutoka upande wa Nzega. Lori lilivunjika ekseli njiani. Mgambo walikwisha hesabu kaya, wakangoja, wakachoka, wakaenda mstari wa tatu. Mapaa kumi na moja! Watu wamekaa siku nne juani, vihenge vya mtama wazi. Bibi mmoja amefariki.

Dereva Anton ndiye aliyenisimulia. Nikamuuliza kwa nini hawakusimama. Akaniangalia. Karatasi haikusema simama, kasema.

Sikula mchana.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimerekebisha nakala moja kwa kalamu. Mstari wa pili: "kama lori lipo." Wa tatu: "baada ya wa pili tu." Kisha nikakumbuka wagonjwa, nikawaandika pembeni. Kisha wenye watoto wachanga. Kisha mishale ya kuonyesha kipi kinaanza. Viraka juu ya viraka, mpaka mimi mwenyewe nikapotea humo. Mzee Soud kavaa miwani, kaisoma mpaka chini. Kasema taratibu: mwanangu, kitabu unakiandika, ila unakiandika pembezoni.

Nilikasirika. Kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimeanza kijitabu. Kurasa tisa sasa. Kazi ngumu! Kila "ikiwa" inazaa nyingine. Ikiwa lori halipo, nani apelekewe habari? Wakati huo watu walale wapi? Nani mwenye mamlaka ya kusema basi? Nilipofika kwa mjane asiyeweza kutembea, nikamwona mama. Nikaandika ukurasa mzima.

Mama yuko Goweko, na dada yangu Pelagia anayemuuguza mguu. Kwetu kumo kwenye orodha, mwanzoni mwa Novemba. Niliipiga taipu mwenyewe, jina lake pia: Veneranda, kaya ya kumi na nne.

Jumatatu, 28 Oktoba

Ndugu Silasi kakipima kijitabu mkononi kama mtu anayenunua nyama. Nani atasoma haya porini, kauliza. Tumalize duru hii, mvua zi karibu. Kijitabu mwakani.

Nilikuwa na la kusema. La mama lilikuwa mdomoni kabisa. Nikasema, sawa, Ndugu.

Woga. Sitafuti jina jingine.

Mzee Soud kanishauri nizikusanye basi zile za zamani, nizichome. Nizikusanye vipi? Zimo mifukoni mwa mgambo mkoa mzima.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Misa asubuhi. Nimemwombea yule bibi wa Nzega. Hata jina lake sikuuliza.

Jana nilimpelekea Masolwa karatasi ya viraka, kwa treni. Nikaandika juu, TUMIA HII. Ndiyo nafuu niliyoweza.

Jumanne, 5 Novemba

Saa mbili asubuhi Anton kaja mezani kwangu. Lori la Goweko halikuondoka, betri imekufa. Labda keshokutwa. Nikauliza, Masolwa anajua? Nani wa kumwambia, kasema.

Nimekimbia stesheni. Wamenipigia simu Goweko, inaita tu. Nimepata nafasi kwenye treni ya mizigo. Mashariki kote mawingu. Mungu wangu, si leo.

Saa tisa alasiri. Goweko. Mvua imeanza, kubwa. Masolwa nimemkuta hapa hapa stesheni, kalowa chapachapa, kaleta karatasi yake iende Tabora, karani aitie saini kuwa kazi imefanyika. Kafurahi kuniona. "Karani! Karibu nyumbani! Ile ya mishale ilitushinda, bwana. Tumesoma watu watatu, kila mtu na lake. Tukarudia ile yako nzuri."

Kanipa. Mstari wa kwanza, alama. Wa pili, mtupu. Wa tatu, alama.

Chini kaandika majina, kwa mwandiko wa kujitahidi. La kwanza ni la mama. Nimemuuliza kwa nini yeye kwanza, kaya ya kumi na nne. Kasema, tumeanza na kwenu, watu wasije wakasema Karani anapendelea.

Nimemuuliza mama yuko wapi.

"Si yupo kwake. Yumo ndani, na dada yako. Mguu hauwezi."

Ni maili nne. Masolwa kaenda kuniazimia baiskeli kwa bwana wa stesheni. Nami nimekaa hapa barazani, karatasi ya mistari mitano magotini, maji yanatiririka kutoka bati la stesheni. Treni inaondoka sasa hivi. Kasema akirudi anikute nimekwisha tia saini.