Wamekutaja Mara Ngapi

Mzee Kamugisha,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza barua yako kwa namna nyingine.

Nakuandikia nikiwa kituoni kwetu cha utafiti, ofisini kwako. Miezi minne sasa tangu tukuzike Bukoba. Kiti chako amekichukua mkuu mpya, mtu mpole, ila anafunga dirisha la upande wa ziwa akisema upepo unapeperusha karatasi zake. Mama, mkeo, bado yupo Igogo, hajaamua kama atarudi kwao. Mimi ni Kabula yule yule, msaidizi wako wa kupima udongo, ila sasa nikiacha chupa bila kuosha hakuna wa kunigombeza. Naziosha kwa hasira.

Kilichonifanya nikuandikie ni fomu. Imetoka Dar es Salaam, kwa kamati itakayoamua kama kitabu chako cha udongo wa Usukumani kipigwe chapa au kirudishwe. Kurasa zote nilizipiga taipu mwenyewe, nikadhani watazisoma. Wao wanauliza mambo mawili tu: wataalamu wengine wamekutaja mara ngapi katika maandishi yao, na ulishirikiana na nani. Mzee, ndivyo mtu anavyopimwa? Wewe uliyekuwa ukionja udongo kwa ulimi mbele ya wageni?

Nikaingia maktaba. Wiki tatu nafunua majarida, kurasa za mwisho, pale wanapoorodhesha kazi za wenzao walizozitegemea. Matuta yetu ya kuzuia maji yamo. Kupokezanisha pamba na kunde shambani kumo, tena kwa watu wa nchi nisizozijua. Jina lako halimo. Kila kazi njema uliiandika kwa jina la "Kikundi cha Wakulima na Watafiti, Misungwi". Nilikusihi uandike jina, ukanicheka: "Binti, jembe nililishika mimi?" Sasa kamati inasema kikundi hakihesabiwi, anahesabiwa mtu. Haya, ulicheka, na mimi ndiye ninayehangaika na fomu.

Halafu nikalipata jina lako. Kamugisha, Kamugisha, Kamugisha, jarida baada ya jarida. Nilifurahi hata mtunza maktaba akanitazama vibaya. Kisha nikasoma vizuri. Wote wanataja ile barua yako ya masahihisho, kazi pekee uliyoitia sahihi peke yako. Wanaitaja kama mfano wa jaribio lililoharibika.

Unalikumbuka jaribio la samadi. Kila kaya ya kijiji ilikuwa na kipande chake cha pamba. Nusu ya vipande vipate samadi, nusu visipate, tuone tofauti. Tukavuna, tofauti haikuwepo. Kikundi kikatangaza kwamba samadi haisaidii pamba. Mwaka uliofuata ukagundua wanakijiji walikuwa wamegawana samadi sawa kwa sawa, vipande vyote. Ndipo ukaandika: kosa ni langu, sikuwaeleza wakulima vya kutosha.

Mzee, uliwaeleza. Aliyekuwepo siku ile ya kumwaga samadi ni mimi. Mama Ng'washi aliniambia, "Kabula, wewe si mtoto wetu? Ng'ombe ni wa kijiji, mwenzetu anyimwe kinyesi chake?" Niliona haya kukataa. Hata sikuishia kunyamaza, nilijitwika kikapu nikasaidia kumwaga. Jioni ukaniuliza kama kulikuwa na lolote, nikasema hakuna. Uliponipa ile barua niipige taipu niliipiga mpaka mwisho, nikakuletea uitie sahihi. Ulinitazama kidogo, ukasaini. Ulijua? Hilo linanisumbua kuliko fomu yenyewe. Kama ulijua, mbona hukunigombeza? Kama hukujua, basi umekufa umebeba mzigo wangu.

Sasa tazama ninavyochanganyikiwa. Nikijaza idadi niliyoipata, kamati itaona Kamugisha ametajwa sana, na kitabu kitachapwa. Hawatauliza walikutaja kwa wema au kwa ubaya, fomu haina nafasi hiyo. Nikieleza ukweli, unabaki mtu aliyetajwa kwa kosa, tena kosa lisilo lake, na kitabu kinaweza kurudi. Asubuhi nataka hivi, mchana nataka vile. Nimekaa hapa nikingoja kuambiwa "Binti, acha kuzunguka, andika", na huniambii. Nimekukasirikia kwa hilo.

Mficha uchi hazai. Nimejaza. Kwenye ushirikiano nimewaandika wanakikundi wote, Mama Ng'washi akiwa wa kwanza, mpaka mistari ikaisha nikabandika karatasi nyingine. Kwenye kutajwa nimeandika kazi zote za Kikundi kwamba uliziongoza wewe, kaa nazo upende usipende. Idadi ya walioitaja ile barua nimeiandika ilivyo, na chini yake nimeeleza nilichokifanya. Mkuu mpya amesoma, akaniuliza kama najua kwamba naweza kupoteza kazi. Nimemwambia najua. Sijui kama najua.

Wakikirudisha kitabu, nakuahidi nitakirudufu kwa stensili, nikipeleke mwenyewe kijiji kwa kijiji, wasomewe wenye mashamba. Pumzika, Mzee wangu. Nisamehe kwamba nimewaambia watu wa Dar es Salaam kabla sijakuambia wewe.

Kabula, niliyemwaga samadi